Mkono wa Mtu wa Mbele

Fomu ilikuwa na kurasa mbili. Kwenye ukurasa wa kwanza palikuwa na miraba mitatu: Pont, Machine, Intendance. Mwombaji alitakiwa kutia alama katika mraba mmoja tu, kwa wino, na alama ikishatiwa haibadilishwi. Niliipokea Jumatatu. Ilitakiwa irudi Alhamisi kabla ya saa sita mchana, kwa sababu luteni aliyekuwa akikusanya fomu alikuwa anaondoka Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, siku hiyohiyo kwa boti ya Kalemie.

Nilikuwa nimefaulu mtihani wa kuingia chuo cha maofisa wa jeshi la majini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na diploma ya umeme na mitambo kutoka Uvira. Kwa watu wa mtaa wetu hayo mawili yalitosha. Suala la tawi walilichukulia kama suala la rangi ya sare.

Jioni ile nilimsomea mama yangu, Munira, yale maneno matatu. Alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, uani.

"Machine ni nini?" aliuliza.

"Mashini, mama."

Mchi ulisimama hewani. "Miaka tatu ya masomo ku Uvira, halafu unaenda ku mashini? Kusaga mihogo?"

Kwetu ukisema mashini, watu wanafikiri kwanza ile ya unga. "Si ile," nikasema. "Mashini ya bateau, ya boti kubwa. Motere."

"Na Pont?"

"Daraja," nilijibu haraka, bila kufikiri.

"Hiyo njo muzuri. Ukuje ututengenezee ya mto Mutambala. Kila mvua inatetemeka."

"Si daraja ya kujenga. Ni pale juu, kwenye banaongozea bateau."

"Basi ni daraja ya cheo."

"Kidogo."

"Na ile ya tatu?"

"Ni kuchunga stoki. Chakula, nguo, mafuta."

"Kama ule intendant wa internat, kwenye ulikuwa unalala ku masomo, ule alikuwa nafungia maharagi?"

"Kama ule."

Mama alianza kutwanga tena. "Alikuwa munene," alisema. "Andika ile."

Baba alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na ukuta. Alikuwa ametoka kuswali na kofia yake ilikuwa bado kichwani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila kutugeukia, "Ataandika mashini. Njo kazi yake."

Nilikunja fomu na kuirudisha ndani ya bahasha.

Ili jambo hili lieleweke, lazima nieleze jinsi boti zetu za mbao zinavyoendeshwa. Ndani ya boti kuna watu wawili wanaohesabiwa. Wa kwanza ni mtu wa motere. Huyu hukaa nyuma kabisa na kushika mpini wa injini, ambao ndio usukani pia. Wa pili ni mtu wa mbele. Huyu hukaa kwenye pua ya boti, kwa sababu kutoka nyuma, mbele yako kukiwa na watu arobaini, magunia na mabeseni, huwezi kuona maji yaliyo karibu. Injini humeza sauti, hivyo mtu wa mbele huzungumza kwa mkono. Mkono wima: endelea. Mkono kushoto, mkono kulia. Ngumi: zima. Mtu wa motere hatakiwi kufikiri. Hutakiwa kuutazama mkono na kuutii.

Boti huitwa kwa jina la mtu wa mbele. Baba yangu, Mahmudu, alikuwa amekaa mbele kwa miaka ishirini na minane, kati ya Baraka na Ubwari, ng'ambo ya ghuba, na mara nyingine mpaka Mboko. Watu walisema, "Nilipanda Mahmudu." Hakuna aliyewahi kusema kwamba alimpanda Lukmani. Mimi nilikuwa nyuma.

Mwaka mmoja kabla ya fomu ile, asubuhi ya jua jeupe, tulikuwa tukikaribia Ubwari. Mkono wa baba ulikuwa wima. Mbele yetu niliona bidoni za njano, madumu matupu, zikielea kwa mstari. Zilikuwa alama za wavu. Nilisubiri mkono ulale upande. Haukulala. Nilisukuma mpini, boti ikainama kulia, na hapo ndipo mkono wa baba ulipoelekea kulia, taratibu, kana kwamba alikuwa amekusudia hivyo tangu mwanzo.

Nilidhani amechelewa mara moja tu. Safari zilizofuata nilianza kuchunguza. Mkono ulikuja kila mara baada ya boti. Nyumbani niliona kwamba alikuwa akiitafuta sahani kwa ncha za vidole, na kwamba aliwatambua wageni wakishasema. Hakusema lolote. Nami sikusema. Baba hakuniomba kudanganya. Aliinua mkono tu, nami nikanyamaza tu, na uongo ukakua katikati yetu bila mtu kuupanda.

Kuanzia siku ile nilisimama. Niliweka kreti la soda chini ya miguu yangu ili nione juu ya vichwa vya abiria, na nikasimama hivyo saa nzima ya kwenda na saa nzima ya kurudi, mkono mmoja nyuma kwenye mpini. Abiria walidhani ni majivuno. Mama Pulchérie, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliyesafiri nasi kila Jumatano, alizoea kunitania: "We Lukmani, unasimama kama jogoo juu ya paa. Unatafutaka bibi huku kati ya maji?"

Nilicheka pamoja na wengine. Magoti yaliniuma, lakini magoti hupona kwa usingizi. Uchovu mwingine niliamka nao.

Jumanne nilikwenda kwenye biro, ofisi ya bandari, kumwona luteni. Biro ile ina desturi yake. Karani, Déogratias, hapigi muhuri karatasi yoyote kabla ya kuisoma kwa sauti. Ni desturi ya tangu zamani, kwa ajili ya wasiojua kusoma, ili asiwepo mtu wa kudai baadaye kwamba alitia sahihi jambo asilolijua. Déogratias ana sauti ya mwalimu wa kwaya. Dirisha lake linatazama kivuko, na chini ya dirisha kuna benchi. Abiria wanaosubiri boti huketi hapo na kusikiliza mambo ya watu.

Luteni Constance alikuwa amepewa meza kwenye pembe. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, na viatu vyake vilikuwa na tope kavu. Alikuwa amepita bandari saba kwa siku tisa. Alimimina chai kutoka kwenye thermos, akaisahau, akafungua jalada langu.

"Diploma ya umeme na mitambo," alisema. "Andika M, tumalize."

"Na kama nataka P, luteni?"

"Juu ya nini?"

"Nimechoka kukaa nyuma."

"Kila muntu anachoka kukaa nyuma. Hiyo si sababu." Aliyafinya macho yake kwa vidole viwili. "Sikiliza. Muntu wa mashini akikosea, motere inazima, tunamutukana, anaitengeneza. Muntu wa pont akikosea, hakuna mwenye anabakia wa kumutukana. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Tena kuna ukurasa wa pili." Aliugeuza. "Mwenye boti kwenye ulitumika anashuhudia kazi gani ulifanya. Kwa P, nataka miezi sita ya kuongoza. Si kushika motere, kuongoza. Anatia sahihi, biro ya bandari inapiga kashe ya muhuri. Bila ile, P yako naifuta, na sitakuandikia M mahali pake. Umechoma nafasi."

Kwenye dirisha Déogratias alikuwa akisoma kwa sauti cheti cha mtu aliyehamisha mbuzi kumi na mmoja kutoka Lubondja. Watu wa benchi walikuwa wakijadili mbuzi wale kana kwamba ni wao.

Nilitoka nje nikasimama penye kivuli cha ukuta. Jambo lilikuwa wazi. Nikiandika Machine, baba atashuhudia kwamba nilishika injini, na kila neno litakuwa kweli. Déogratias atasoma, benchi litapongeza, baba atabaki Mahmudu. Nitaondoka mwezi wa tisa, chuo kikifunguliwa. Nyuma atakaa binamu yangu Sadiki, ambaye ni mtiifu, naye atautii mkono.

Nikiandika Pont, baba itambidi ashuhudie kwamba kwa mwaka mzima mwenye kuongoza nilikuwa mimi. Ushuhuda huo utasomwa dirishani. Boti zote za Baraka zitasikia kwamba Mahmudu haoni.

Nami nilitaka Pont. Nalisema bila kulipamba. Nilitaka kuifanya wazi kazi niliyokuwa nimeifanya kwa siri, na kulipwa jina lake.

Jumatano ni siku ya soko Ubwari. Asubuhi baba alitangaza kwamba Sadiki atashika injini, kwa sababu mwezi wa tisa uko karibu na lazima azoee. Alisema hivyo mbele ya abiria, kwa sauti ya mwenye boti, na sikupata nafasi ya kubisha. Niliambiwa nikae katikati.

Nilikaa kati ya mama Pulchérie, aliyempakata mjukuu wake, na gunia la unga. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima kusafiri nimeketi. Nilishangaa jinsi ziwa linavyoonekana kidogo kutoka pale. Niliona migongo, mitandio, na kwa mbali, juu ya vyote, mkono wa baba.

"Leo jogoo ameshuka," alisema mama Pulchérie.

"Ameshuka, mama."

"Ulale kidogo. Uko na macho ya muntu wa matanga."

Kwenda hakukuwa na shida. Upepo ulikuwa mdogo na maji yalikuwa matupu. Mkono ulikuwa wima njia nzima, na Sadiki aliufuata kama waumini wanavyomfuata imamu. Nilikaribia kuamini kwamba mambo yanaweza kwenda hivyo.

Wakati wa kurudi tulikuwa tumejaa. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Nilijiinua kidogo ili kunyoosha mguu, na ndipo nikaona mtumbwi. Ulikuwa mbele yetu moja kwa moja, na ndani yake watu wawili walikuwa wakivuta wavu. Mmoja alikuwa ameshaacha wavu na kuinua mikono yote miwili.

Mkono wa baba ulikuwa wima.

Hapa lazima nikiri. Sikusogea mara moja. Nilingoja. Nilitaka kuiona ngumi. Sijui nilingoja kwa muda gani, labda pumzi tatu, nikiutazama mkono ule kama mtu anayemtazama mgonjwa ili aone kama atajibu. Hakujibu. Nikaruka juu ya mabeseni, nikakanyaga mguu wa mtu, nikaufikia mpini na kuusukuma kwa uzito wangu wote. Boti iliinama mpaka wanawake wakashikana. Tuliupita mtumbwi kwa kiasi cha kasia moja.

Mvuvi aliyekuwa ameinua mikono hakututukana sisi wa nyuma. Alimtazama mtu wa mbele. "Mahmudu," aliita, "unalala?"

Mkono wa baba ulikuwa tayari umeelekea kulia.

"Jua," baba alijibu. "Jua iliniingia."

Abiria walilikubali jua. Walikuwa wamelikubali kabla hajalitaja, kwa sababu walihitaji kufika. Mama Pulchérie aliokota ndagala zilizomwagika, moja moja, akazirudisha kwenye beseni.

Sadiki alikuwa hajauachia mpini. "Kaka, mi nalifuata mukono," aliniambia sikioni. "Nalifuata mukono tu."

"Ulifuata muzuri," nikasema. "Sogea."

Sikutafuta kreti. Niliongoza nikiwa nimesimama juu ya mbao za boti, kwenye ncha za vidole.

Baada ya swala ya alasiri baba aliniita. Mama alikuwa jikoni, hatua chache kutoka mkekani, akipepeta mchele.

"Umeandika?" baba aliuliza.

"Bado."

"Andika mashini. Sikiliza." Alizungumza polepole, kama mtu anayepanga mizigo. "Mi nitasema magoti inaniuma. Nitaacha mbele. Bantu batakuwa salama, jina itabakia, na we utaenda na cheo chako. Hakuna mwenye anapoteza."

Ilikuwa hesabu nzuri. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitamani iwe kweli. Ningeweza kuandika herufi moja, nilale.

"Utaacha lini, baba?"

"Sadiki akishazoea."

"Lini?"

"Polepole. Mwezi wa kumi. Ao mwaka mupya." Alivuta ndevu zake. "Boti haiachwake kama shati."

Ndipo nikajua kwamba hataacha. Hakuwa akidanganya. Angengoja tu, kama tulivyokuwa tumengoja sote wawili.

"Leo ilibakia kasia moja," nikasema.

"Ilikuwa jua."

"Jua ilikuwa nyuma yetu, baba."

Ungo wa mama ulinyamaza jikoni. Baba aliishusha mikono yake na kuilaza juu ya magoti.

"Mukono yako inakuja nyuma ya boti," nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza. "Si leo tu. Mwaka muzima. Boti inageuka, kisha mukono inageuka."

"Najua," baba alisema. "Mi njo nilikuwa nakufuata." Alipiga mkeka kwa kiganja, pale alipoketi. "Naisikia hapa chini. Boti ikilala kuume, nainua kuume. Nilifikiri unafikiri mi naona."

"Na mi nilifikiri unafikiri sijui."

"Na mi," mama alisema kutoka jikoni, "nilifikiri munaniona mujinga, nyinyi wawili. Nani anamutiliaka kikombe katika mukono? Malaika?"

Hakuna aliyecheka, lakini baba aligeuza uso upande wa sauti yake. Nje mtu alikuwa akiosha pikipiki na redio yake ilikuwa ikikwaruza.

"Ile ya kwanza," baba aliuliza hatimaye. "Pont. Ulimwambia mama yako ni nini kwa Kiswahili?"

"Daraja. Nilikosea, baba. Kwa bateau ni—"

"Haukukosea. Daraja ni kitu bantu banakanyagaka juu yake." Alinyoosha mkono akiitafuta fomu, akaupeleka mbali kidogo na mahali nilipokuwa. "Haya. Banikanyage. Leta kalamu."

Aliniamuru niandike, akaniambia maneno, mafupi, bila sababu na bila udhuru. Kisha nikamshika kifundo cha mkono na kumwonyesha mstari. Sahihi yake ilianza vizuri na kuishia nje ya karatasi, juu ya mkeka. Wino ule haujatoka mpaka leo.

Mimi mwenyewe nilitia alama kwenye mraba wa kwanza. Sikusikia furaha yoyote. Nilikuwa kama mtu aliyeshusha mzigo na kukuta bega bado limeinama.

Alhamisi nilitaka kwenda peke yangu. Baba alikataa. Alivaa kanzu safi, akatembea mbele yangu mpaka bandarini, kwa njia aliyoijua kwa nyayo. Benchi lilikuwa limejaa. Mama Pulchérie alikuwepo, kwa sababu ndagala za jana zilikuwa hazijaisha na alitaka kuzipeleka Mboko. Mabeseni yake matatu yalikuwa tayari ndani ya boti yetu.

Déogratias alipokea karatasi. "Bwana enjenyeri," alisema, "karibu. Tusikie mambo ya wasomi." Akasafisha koo na kuanza, kwa ile sauti yake ya kwaya.

"Mimi, Mahmudu, mwenye boti, nashuhudia kwamba mtoto wangu Lukmani ameongoza boti yangu kati ya Baraka, Ubwari na Mboko kwa muda wa miezi kumi na miwili. Mimi nilikaa mbele, lakini—" Hapo sauti ilishuka. Déogratias aliinua macho, akamtazama baba, kisha akanitazama mimi.

"Soma," baba alisema.

"Inatosha, mzee. Nitapiga kashe."

"Haujapigaka kashe ya karatasi yenye haujasoma. Soma."

Déogratias alisoma sehemu iliyobaki kwa sauti ndogo, lakini benchi lilikuwa limeshanyamaza na kila neno lilifika. "Mimi nilikaa mbele, lakini macho yangu hayaoni. Mwenye kuona alikuwa yeye."

Muhuri ulipigwa. Ulisikika kama mlango.

Mama Pulchérie alisimama. Hakupiga kelele. "Mwaka muzima," alisema. "Kila Jumatano naombea ule wa mbele. Mungu amulinde, Mungu amupe nguvu. Kumbe nilikuwa naombea upande wenye hauna kazi." Alinigeukia. "Na we, nilikuita jogoo, ukacheka. Jana nilikuwa na mujukuu wangu katika ile boti. Ungesema nini kwa mama yake?"

"Sina jibu, mama."

"Hauna. Uko na diploma lakini hauna jibu."

Alishuka kivukoni, akapanda boti yetu, akaanza kutoa mabeseni yake na kuyahamishia boti ya jirani. Wengine wawili walimfuata. Hakuna aliyemtukana baba. Walitoa mizigo yao tu, na baba alisimama akisikiliza beseni baada ya beseni likigonga mbao za boti nyingine. Aligeuza kichwa kila mara kuelekea sauti, kama mtu anayehesabu.

Luteni Constance alikuwa amesikia yote kutoka kwenye pembe. Nilipoweka fomu mezani aliusoma ukurasa wa pili tena, kimya, kwa macho yake mwenyewe.

"Miezi kumi na mbili," alisema. "Niliomba sita." Alifungua kalamu. "Mwaka muzima ulibeba bantu na uongo."

"Ndiyo, luteni."

"Nitaiandika hiyo pia." Akaandika mistari miwili pembeni mwa fomu, kwa herufi ndogo, bila kuificha. "Itakusaidia ao itakuumiza, sijui. Kuna mukubwa atasema huyu anajua kuongoza. Mwingine atasema huyu anajua kuficha. Mi naandika chenye naona. Hiyo njo Pont, kama ulikuwa hujajua."

"Jibu linatoka lini?"

"Likitoka." Aliweka fomu ndani ya jalada, jalada ndani ya mfuko, akainua kikombe chake, akakuta chai imepoa, akainywa hivyohivyo. Boti ya Kalemie ilikuwa ikipiga honi.

Siku hiyo boti yetu haikusafiri. Sadiki alibaki kuifunga na kufunika injini kwa turubai. Mimi na baba tukarudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa kali na njia ilikuwa na vumbi. Watu walitusalimia, wengine kwa sauti ya kawaida, wengine kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida, kama wanaomsemesha kiziwi.

Baba alitangulia, kama siku zote. Karibu na msikiti maji ya mvua yamechimba mtaro unaokata njia, na baada ya sisi kupita asubuhi mtu alikuwa ameuondoa ubao wa kuvukia. Alipousikia ukingo kwa ncha ya kiatu alisimama. Mkono wake ukapanda, wima, kwa mazoea ya miaka ishirini na minane.

Nilisimama nyuma yake. Nilikuwa na usingizi mwingi.

Mkono ulikaa hewani kidogo, kisha ukashuka.

"Wapi?" aliuliza.

"Kushoto, baba. Hatua tatu."

Akageuka kushoto.